Plasta ya Nyuma ya Mlango

Mwashi alilala chali kando ya ngazi iliyoanguka, macho wazi, ndani ya kanisa kuukuu alilopewa kulikarabati. Ilikuwa saa nne asubuhi. Daktari wa polisi aliinuka akipangusa magoti.

"Kisogo kimepasuka. Amekufa papo hapo."

"Ajali," alisema konstebo.

Inspekta alikuwa anatazama sakafu. Kila mahali palijaa vumbi la chokaa na vipande vya plasta, isipokuwa nyuma ya mlango. Ukuta wa hapo ulikuwa umebanduliwa hadi kwenye mawe, lakini chini yake pamefagiwa, safi kabisa.

"Nani anafagia karibu na maiti?" aliuliza.

Aliyetoa taarifa ni mtunza kanisa, mzee mjane ambaye kijiji kizima kilimwita Babu Funguo. Kwa miaka arobaini ndiye aliyeziba nyufa na kupanda darini paa likivuja, mpaka magoti yakamgomea, wanakijiji wakamleta mwashi. Inspekta alimfuata nyumbani kwake, hatua chache kutoka kanisani.

"Ulimkuta saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu."

"Ukafanya nini?"

"Nikapiga simu."

"Kabla ya simu?"

Mezani nyuma ya mzee, vipande vya plasta vilikuwa vimepangwa juu ya shuka, kama mtu anayejaribu kuunga sahani iliyovunjika. Inspekta alisogea. Aliona mistari ya penseli, na kando ya mistari, namba: tatu, nne, saba.

"Hivi ni nini, mzee?"

"Kimo cha binti yangu." Alinyoosha kidole kuelekea kanisani. "Kila mwaka nilimsimamisha nyuma ya ule mlango, nikampima. Aliishia miaka tisa. Homa."

Inspekta aliikumbuka sakafu iliyofagiwa, akamsomea haki zake. Mzee alimwacha amalize, ndipo akasema.

"Jana nilimsihi huyo mwashi. Nikamwambia, mwanangu, hapo pana alama za mtoto wangu, niachie. Akasema unyevu umeingia, utakula ukuta wote. Ni kweli, afande. Hata mimi ningesema hivyohivyo. Leo naingia, nakuta mawe matupu, yeye yuko juu ya ngazi anaendelea kugonga. Akaniambia, 'Ngoja, mzee, nashuka.' Sikungoja. Niliivuta ngazi."

"Ulitaka kumuua?"

"Nilitaka aache." Aligusa vile vipande kwa ncha za vidole. "Nimeokota vyote. Alama ya miaka tisa tu sijaiona."

Konstebo aliyebaki kukagua vifaa vya marehemu aliingia, amekumbatia kitu kilichoviringishwa kwa sweta la kazi.

"Afande, hiki kilikuwa kwenye kapu lake."

Inspekta alikifungua. Kilikuwa kipande cha plasta, kipana kama kitabu, kingo zake zimekatwa kwa msumeno, taratibu, bila ufa. Kwingine kote plasta ilikuwa imeshaliwa na unyevu, hapa tu ilikuwa bado imara. Katikati palipita mstari wa penseli. Tisa.

Mzee alikitazama. Hakukigusa. Alilichukua sweta, akalipangusa chokaa begani, akalikunja vizuri kama nguo ya mtu atakayerudi kuivaa.

"Alikuwa na watoto?" aliuliza.

"Wawili. Wako njiani na mama yao."

Mzee akanyoosha mikono yote miwili afungwe pingu.

"Basi nipeleke, afande," alisema. "Wasinikute hapa."