Miavuli ya Kukodisha Kebirigo

Kila jioni baada ya masomo, Bonareri alipitia dukani kwa shangazi yake, Bathsheba, katika soko la Kebirigo. Alivua sweta ya shule, akapanga gambuti, viatu vya mvua, mlangoni, kisha akatundika miavuli kwenye kamba. Aliipenda kazi hiyo. Wingu lilipotanda juu ya mashamba ya chai, watu waliingia mbiombio, naye shangazi aliuza huku akitaniana na kila mteja.

Jambo moja lilimsumbua. Ng'ambo ya barabara palikuwa na zahanati. Mvua iliponyesha, akina mama waliowaleta watoto wachanga kliniki walibanana barazani wakingoja ipungue. Wengine walichoka kungoja, wakawafunika watoto kwa leso na kuondoka hivyo hivyo.

Shule zilipofungwa, shangazi alikwenda Kisii mjini kununua bidhaa, akamwachia Bonareri duka. Mchana mvua ilikuja na upepo mkali. Bonareri alimwona mama mmoja kijana akishuka ngazi za zahanati na mtoto kifuani. Alimfahamu, aliitwa Orpah, na nyumbani kwake hakukuwa mbali na shule. Bonareri hakuweza kuvumilia. Alitwaa mwavuli mpya, akavuka barabara.

"Chukua, mama. Utaurudisha kesho."

"Mbuya mono," Orpah alishukuru, akaufungua mwavuli na kwenda zake.

Wenzake barazani waliona, nao wakaja dukani. Bonareri angempaje mmoja na kumnyima mwingine? Mvua ilipokatika, kamba ilikuwa tupu, naye moyo wake ulikuwa umejaa furaha.

Shangazi aliporudi aliitazama ile kamba akatabasamu. "Leo umeuza kweli."

"Sikuuza, shangazi. Niliwaazima akina mama wa zahanati."

Tabasamu lilimwisha. Hakumgombeza. Aliketi juu ya mzigo aliokuja nao.

"Unawajua?"

"Namjua mmoja tu."

"Bona, miavuli ile ndiyo ingeninunulia mingine. Duka likikosa cha kuuza, tutalifunga."

Siku zikapita. Ni miavuli michache tu iliyorudi. Usingizi ukamruka Bonareri, mwishowe akaamua kwenda kwa Orpah. Alimkuta uani akianua nguo. Orpah alipomwona aliinamisha uso, akaingia jikoni na kutoka na mwavuli uliopinda vyuma vyote.

"Mtoto hakulowa hata kidogo," alisema. "Lakini upepo uliupindua. Niliona haya kuurudisha ukiwa hivi. Jirani yangu naye wake umevunjika, amejificha kama mimi."

Bonareri alicheka kwa faraja. Kumbe hawakuwa wezi. Orpah, aliyewajua wenzake wa kliniki, alimbeba mtoto mgongoni, wakazunguka pamoja nyumba kwa nyumba. Waliporudi sokoni walikuwa wamekumbatia miavuli iliyopinda na kuchanika, na kundi la watoto likiwafuata nyuma.

Waliipeleka kwa fundi Omosa, aliyekuwa na kibanda chake karibu na kinu cha kusaga unga. Fundi aliigeuza mmoja mmoja kama daktari.

"Hii haijafa, imeteguka tu," alisema.

Alinyoosha vyuma, akatia viraka vya vitambaa vyekundu, vya manjano na vya maua, kwa kuwa vyeusi vilikuwa vimemwishia. Shangazi alipoiona alicheka, kisha akatikisa kichwa. "Nani atanunua hii?"

"Hatutaiuza," Bonareri alisema. "Tutaikodisha kwa bei ndogo."

"Na mtu asiporudisha?"

"Ataacha amana. Akirudisha mwavuli, anarudishiwa."

"Na mama mwenye mtoto mchanga ambaye hana kitu?"

"Huyo achukue bure."

"Sawa. Basi fundi tutamlipa kwa pesa zipi?"

Bonareri alitazama nje. Manyunyu yalikuwa yameanza. Mwalimu mmoja alipita akikimbia, begi kichwani. Wafanyabiashara wa ndizi walijibanza chini ya mabati.

"Kwa pesa za hao, shangazi. Wao wanaweza kulipa."

Shangazi alitwaa mwavuli wenye kiraka cha maua na kutoka mlangoni. "Mwalimu," aliita, "njoo ukodi mwavuli."

Kabla likizo haijaisha, njia za Kebirigo zilikuwa zimejaa viraka vya rangi kila mvua iliponyesha. Aliyekodi mara nyingi aliishia kununua mwavuli wake mwenyewe. Akina mama walirudisha yao siku ya kliniki, na wengine wakanunua gambuti za watoto wao wakubwa. Miavuli michache ilipotea, lakini pesa za kukodisha zilitosha kuifidia na kumlipa fundi. Kamba ya miavuli mipya nayo ikajaa tena.

Ijumaa moja walifunga duka mapema ili Sabato, inayoingia jua likitua, isiwakute sokoni. Njiani shangazi alimshika Bonareri bega.

"Siku ile ulikuwa na huruma nzuri, ila ulitoa kitu ambacho hakikuwa chako, bila kuniuliza. Na kama tungeendelea kugawa tu, leo tusingekuwa na duka wala mwavuli wa kumpa mtu. Faida ndiyo inayotuwezesha kusaidia tena kesho. Lakini nami nimejifunza. Watu wale walikuwa mbele ya mlango wangu miaka yote, na sikuwahi kujiuliza duka langu lingewafaa vipi."

"Kwa hiyo tuongeze mingine, tuipeleke kituo cha majani chai, wakulima wanakonyeshewa wakingoja kupimiwa?" Bonareri aliuliza.

Shangazi alicheka mpaka wapita njia wakageuka. "Wewe umekuwa mfanyabiashara. Jumapili tutamuuliza fundi."