Kibwengo Aliyeshindwa Kusema Tatu

Kila jioni nilikaa jikoni kwa Bibi Asimina, yeye akichagua maharage, mimi nikiandika. Jioni ile niliandika kwa madaha. Mkesha wa Epifania, sikukuu ya tarehe sita Januari, hadithi moja tu husomwa shuleni mbele ya wazazi, na nilikwisha kumtambia binamu yangu Stratos kwamba ya mwaka huu itakuwa yangu.

Nilitia vibwengo saba, radi, makaburi na damu ndoo nzima. Kisha nikawasomea Bibi na Stratos.

"Evanthia, hata paka hajageuza sikio," Stratos alinicheka. "Ongeza damu, labda ataamka."

Kesho yake shuleni, Mwalimu Pagona naye hakutishika. "Makaburi haya umeyaona wapi?"

"Kwenye filamu, Mwalimu."

"Basi hiyo ni hofu ya wengine. Niletee ya kwako Ijumaa."

Iliniuma sana. Nilianza upya mara nne. Kumbuni kibwengo ni rahisi. Kumfanya msomaji aamini kwamba yuko mlangoni ndiyo kazi. Mara macho yakaangukia chekeche la unga ukutani.

Kwetu husemwa kwamba tangu Krismasi hadi Epifania vibwengo huzurura usiku, kwa hiyo chekeche huwekwa kizingitini kila jioni. Kibwengo akija huhesabu matundu yake, lakini tatu ni namba takatifu, haimtoki kinywani. Basi huanza tena, moja, mbili, mpaka kunakucha. Mwaka uliopita Bibi alinituma kuliweka. Nje kulikuwa na theluji, nikaona uvivu, nikalificha nyuma ya kuni na kusema nimeliweka. Kila mlango ulipolia, nilijifunika blanketi hadi kichwani.

Nikaandika hayo hayo: msichana aliyedanganya, na kibwengo aliyekuta kizingiti kitupu. Kwa kukosa matundu, alichungulia ndani akahesabu watu. "Mmoja. Wawili." Kimya. "Mmoja. Wawili." Kila alipoanza upya, sauti ilikuwa karibu zaidi.

Mwalimu aliichagua. Nilipoisoma, wazazi waligeuka kuutazama mlango, na Stratos, bingwa wa kucheka, alikuwa amepandisha miguu yote miwili kwenye kiti. Nilifurahi mno!

Njiani kurudi Bibi alinishika mkono. "Kwa hiyo mwaka jana hukuliweka."

"Sikuliweka, Bibi. Nisamehe."

"Nilijua. Nililiweka mimi ulipokwenda kunawa."

"Mbona hukunigombeza?"

"Nilikungoja useme mwenyewe. Umeubeba uongo mwaka mzima, mjukuu wangu, na ulikuwa mzito. Leo umesema kweli, na watu wote wamekuamini, hata kibwengo wako wamemwamini. Siku nyingine usingoje mwaka."

Nilimwahidi. Tulipofika nyumbani tulimkuta Stratos ametutangulia. Bila kutumwa na mtu, alikuwa amepiga magoti kwenye theluji, akiliweka chekeche sawasawa kizingitini.