Gaone Si Nusu ya Bibi

Mma, yaani Bi, Seitshiro wa mji wa Kanye, Botswana, alitibu kila kitu kwa unga wa dawa ya kichwa, ule wa vikaratasi vilivyokunjwa. Aliumeza kwa mgongo, kwa magoti, hata kwa wageni wasioondoka.

Mjukuu wake Gaone, wa miaka tisa, aliumwa kichwa mara kwa mara. Kwanza anaona vimulimuli vya mwanga machoni, kisha kichwa kinagonga, kisha anatapika. Bibi humpa nusu karatasi.

Wiki hiyo, Jumamosi, kungekuwa na mashindano ya ngoma shuleni. Gaone ndiye kiongozi wa wachezaji wa darasa lake. Jumatatu kichwa kikamlaza tena. Bibi akaogopa, akampeleka zahanati.

Nesi Tshenolo akampima mtoto kwa makini, kisha akauliza dawa aliyopewa.

"Nusu karatasi. Yeye ni nusu yangu."

"Panda mizani, mama."

"Mgonjwa ni huyu."

"Panda tu."

Bibi, kilo tisini na sita. Gaone, ishirini na nne.

"Huyu ni robo yako, mama."

"Basi nitampa robo."

"Hata chembe usimpe. Unga huo una aspirini. Mtoto hapewi ila daktari aagize. Inaweza kumdhuru ini na ubongo."

Bibi akakaa chini. "Na mimi nimempa mara ngapi."

"Yuko salama. Sasa umejua. Hiki ni kipandauso. Mpe ibuprofeni au paracetamoli, kwa kipimo cha uzito wake. Nimekuandikia. Mpe mapema, vimulimuli vikianza tu. Anywe maji, alale penye giza na kimya. Dawa isizidi siku mbili kwa wiki, ikizidi, mlete."

"Na akipata homa, shingo ikakakamaa?"

"Au akichanganyikiwa, au mkono ukilegea. Hapo ni mbio hospitali."

Jumamosi, kabla ya zamu yao, Gaone akamshika bibi sketi. "Bibi, vimulimuli."

Bibi akampa dawa palepale. Akamlaza katika darasa tupu, akafunika madirisha kwa blanketi, akaketi mlangoni.

Mwalimu mkuu akaja na viatu vyake vya ko-ko-ko. "Mma, hili ni darasa langu."

"Ndiyo, rra, bwana mkuu. Vua viatu."

Akachungulia, akamwona Gaone amelala gizani, akavua. Akaenda na soksi tu kuwaomba waamuzi waliweke darasa la Gaone mwisho.

Baada ya saa moja na nusu Gaone akatoka.

"Kinauma?"

"Kimekwisha, bibi. Nina njaa."

Akala mkate, akaenda kucheza. Walikuwa wa tatu. Bibi akamwambia kila mtu kwamba wa kwanza na wa pili walipendelewa.