Dakika ya Kumi na Nne

Video ilikuwa ya dakika kumi na tatu. Raihana alipoitoa sauti yake, sauti ikawa ya dakika kumi na nne.

Aliifuta, akaitoa upya. Kumi na nne. Akabadilisha programu, akatumia ile ya zamani aliyoizoea, na bado dakika moja ikawa imezidi pale mwishoni. Akadhani ni kasoro ya faili. Video za simu za zamani, hizi za 3GP, zina vituko vyao: picha huganda, sauti hutangulia midomo. Kwa miaka sita, katika chumba cha chini cha nyumba ya marehemu babake katika mtaa wa Langoni, ndiyo iliyokuwa kazi yake. Watu wa Amu na visiwa vya jirani walimletea simu zilizopasuka vioo, naye akawatolea humo maulidi ya zamani, nyimbo za harusi na sauti za waliokufa, akazigeuza MP3 wakaweza kuzisikiliza.

Simu hii ililetwa na Swafwan, mwanamume wa miaka ishirini na tisa kutoka Siyu, mpole, asiyepandisha sauti. Mamake, Bi Umulkheir, alikuwa amepofuka. Alikuwa na redio ndogo ya kutia kadi, na redio hiyo haisomi video.

"Ataka kumsikia dadangu," Swafwan alisema. "Afra. Alifariki akiwa na miaka kumi na saba. Hatuna sauti yake nyingine ila hii."

"Ni video ya nini?"

"Ya siku alopungwa pepo. Mimi ndiye niliyeshika simu. Nalikuwa na miaka kumi na minne." Akaiweka simu juu ya meza taratibu. "Itoe yote, Bi Raihana. Usikate kitu."

Adhuhuri ilikuwa imepita. Nje punda walipita na mizigo ya mawe. Raihana akafunga mlango, akavaa hedifoni, akaitazama video mara moja kabla ya kusikiliza sauti peke yake.

Chumba kilijaa moshi. Msichana alilazwa mkekani. Mganga, mzee mwenye bakora, alisimama kichwani pake, na Bi Umulkheir wa miaka ile, angali na macho yake, alikuwa amemkalia miguu. Dakika za kwanza msichana alitoa sauti nzito ya kiume, akimtukana mganga kwa maneno ya kale. Hilo halikumtisha Raihana. Alikwisha kusikia mengi ya namna hiyo. Ilipofika dakika ya nne ile sauti nzito ikakatika katikati ya neno, na ikaja nyingine, nyembamba, imechoka.

"Mama, ni mimi. Nipa mai."

"Yuwadanganya huyo," mganga akasema. "Mshike, Umulkheir."

Bakora ikaanza tena. Ile sauti nyembamba iliomba maji kwa dakika nyingi. Iliita mama, ikaita mama, na kufikia dakika ya kumi na mbili haikuwa na maneno tena. Ya kumi na tatu video ikaisha.

Raihana akaifunga picha, akairudia sauti peke yake, kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa. Bila picha sikio husikia kilichofichwa na macho. Sauti iliyokuwa karibu kabisa na simu ilikuwa pumzi ya aliyeishika: pumzi ya mvulana mwenye hofu, akivuta kamasi. Pale dakika ya nne, mara tu ile sauti nzito ilipokatika kinywani mwa dada, pumzi ya mvulana ilikwama. Raihana alihesabu kwenye skrini. Sekunde kumi na moja hazikuwa na pumzi yoyote. Ilipoanza tena ilikuwa ndefu, ya polepole, haina hofu, na iliendelea hivyo hivyo mpaka mwisho, bila kupanda hata mara moja, wakati dada akipigwa.

Dakika ya kumi na nne haikuwa na mganga wala bakora. Ilikuwa ni pumzi ile peke yake. Ikavuta, ikatoa, ikavuta, na karibu kabisa na sikio lake, sauti nzito ikasema:

"Mpe asikie yote, Raihana."

Aliing'oa hedifoni akaitupa, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, na hapo ndipo aliposikia harufu, ya ubani kwanza, kisha ya nywele zilizoungua, ikitoka katika vile viduara viwili vya hedifoni vilivyolala sakafuni na kujaa chumba kizima pole pole, hata alipofungua dirisha na mlango na kusimama barabarani akisoma Ayatul Kursiyyu bado aliisikia katika mtandio wake na katika vidole vyake.

Alipopata nguvu za kurudi alifanya alichokiona kuwa ni huruma. Alikata neno moja tu, lile "Mama" la kwanza, kabla bakora haijarudi. Sekunde mbili. Akalitia kwenye kadi, na vingine vyote akavifuta.

Asubuhi yake wakaja wote wawili. Swafwan alimwongoza mamake kwa mkono, akimwambia hapa pana kidato, hapa inama. Akamketisha, akamwekea redio mapajani, akamtengeneza ukosi wa buibui.

"Huyu ndiye niliyebaki naye," Bi Umulkheir alimwambia Raihana, uso ukielekea penye sauti. "Yuwanipikia, yuwanifulia. Tangu mato yangu yaondoke sijajikwaa hata siku moja. Mwanangu, umempata Afra?"

"Nimepata neno moja, Bi," Raihana alijibu kwa sauti ndogo. "Mengine yaliharibika."

"Neno moja lanitosha."

Swafwan alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Raihana. Alikuwa akipumua, na Raihana aliihisi pumzi ile shingoni, ndefu, ya polepole, akaijua, akashindwa kugeuka. Mkono ukapita begani mwake, ukaichukua kadi mezani, ukaitia kwenye redio.

Mganga ndiye aliyesikika kwanza, kisha yale matusi ya kale, na Raihana akajua kwamba kadini hazimo sekunde zake mbili bali sauti yote. Aliruka kuizima redio, lakini Bi Umulkheir alikuwa ameikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili.

"Mama, ni mimi. Nipa mai."

"Ni yeye," mama akasema, akitabasamu. "Ni Afra huyu."

"Ni yeye," Swafwan akasema, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa ile nzito. "Mimi hapo nishatoka, mama. Nimo katika aloshika simu. Uliyemkalia miguu ni mwanao."

Redio iliendelea. Bi Umulkheir hakupiga kelele wala hakuiachia. Midomo yake ilikuwa ikitembea pamoja na ile sauti nyembamba, neno kwa neno, kama mtu anayefundishwa.

Raihana alitoka mbio bila viatu hadi madrasa ya Shekhe Kamaludin, nyumba ya tatu, akamshika kanzu kama mtoto, akamweleza yote. Shekhe alikuja na kikombe cha maji, hana bakora. Alimkalisha Swafwan chini, akamwekea mkono kichwani, akaanza kusoma, na alisoma mpaka kanzu ikamganda mgongoni, na kila alipokaribia mwisho wa aya, ile pumzi ilikuwa ikimfuata, ikivuta anapovuta na kutoa anapotoa, hata ikawa haijulikani ni nani kati yao anayesoma na nani anayesikiliza, mpaka alipoinyanyua sauti akauliza:

"Miaka kumi na mitano umekaa kimya. Kwa nini leo?"

"Nalingoja huyu mama anipende kwanza," sauti ikajibu. "Asiwe na mwingine."

Shekhe akamnyunyizia maji ya kikombe usoni, akasoma tena, na safari hii Swafwan aliinama mbele akatoa pumzi moja ndefu sana iliyopeperusha karatasi mezani na kuufunga mlango kwa kishindo. Kisha akanyamaza. Redio nayo ilikuwa imezimika.

Alipofumbua macho aliitazama mikono yake, akazigusa ndevu zake. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mvulana, inayovunjika.

"Mama," akasema, "Afra ametulia?"

Akamwangalia mwanamke mzee aliye mbele yake, macho meupe, na akaanza kulia.

"Alhamdulillahi," Shekhe Kamaludin alisema, akihema. "Bi Umulkheir, huyu ndiye mwanao. Amerudi."

Swafwan akasota mpaka miguuni pa mamake, akamshika mkono. Bi Umulkheir akaupapasa mkono ule, kidole baada ya kidole, akaisikiliza ile sauti inayolia. Alikuwa anaijua. Hakuisikia kwa miaka kumi na mitano na alikuwa anaijua. Kisha akautoa mkono wake, akaupangusa kwa buibui, akaugeuza uso kule aliko Shekhe.

"Shekhe," akauliza kwa kunong'ona, "yule alokuwa akinipikia, yuwaweza kurudi?"

Swafwan alikuwa karibu naye. Alisikia kila neno.