Lenzi Inayofuata Mboni

Lenzi ilikuwa inahema juu ya meza ya duka. Kioo chake hakikuwa kigumu kama vioo vya zamani. Kilikuwa ute mzito uliofungwa ndani ya utando mwembamba, nao ulijaa na kunywea kila Ambokile alipohamisha macho. Alitazama roboti la kufagia lililokuwa linahangaika na karanga chini ya kabati: kwenye skrini ya kamera ya duka iliyofungwa lenzi hiyo, karanga ikatokea kali, hadi mikunjo ya ngozi yake nyekundu. Akatupa jicho dirishani. Karanga ikayeyuka, na miti ya mlima Loleza ikasimama mmoja mmoja. Hakuwa amegusa kitu.

Lugano, mwenye duka, alimwacha acheze kwanza, kama muuza nguo anayejua kwamba mteja akishajiona kwenye kioo, kazi imekwisha. Ila Lugano alikuwa na ugonjwa mbaya kwa mfanyabiashara: alipenda kusema kweli. Alikuwa amempangia lenzi tatu. Ya kwanza ilikuwa ya upana, nzuri kwa vyumba vidogo, lakini aliyesimama pembeni huishia na pua ya ukubwa wa embe. Ya pili ilikuwa ya kuvuta. Ukiwa mlangoni unamfikia mchungaji madhabahuni, ila nzito, na tundu lake dogo linakula mwanga. Ukumbi ukififia kidogo tu, bibi harusi anakuwa kivuli chenye shela. Zote mbili zilikuwa na pete ya kuzungusha kwa mkono, na Lugano alimshauri achukue mojawapo. Picha ya mnato ukiikosea unapiga nyingine, alisema, lakini video haina nyingine. Mtu akishapita, amepita.

Ambokile hakuwa anasikia. Macho yake yalikuwa kwenye ya tatu, na lenzi nayo ilikuwa inamtazama. Nyuma yake ilikuwa na kijicho kilichosoma mboni ya mpiga video, na kule mboni ilikotua, ute ulijikunja na kulenga hapohapo, kimya, bila mlio wa mota. Palipobaki paliyeyuka. Na kwa kuwa ulikuwa mwanga wenyewe uliopindwa, si hesabu za kompyuta, kilichotiwa ukungu hakikurudi tena.

"Inafuata jicho lako, kaka, haifuati nia yako," Lugano alisema. "Unayaamini macho yako?"

"Haya ndiyo yanayonilisha."

Akailipia, akaifunga kwenye kamera yake, akatoka dukani akitembea kama mtu aliyepewa cheo.

Tusimcheke sana. Mjini Mbeya siku hizo vikamera vya kuruka, ambavyo watu waliviita nzi, vilipiga kila sherehe, na sherehe zote zikafanana. Harusi ya heshima bado ilitaka binadamu nyuma ya kamera. Na harusi iliyokuwa mbele yake haikuwa ya mtu baki. Aliyekuwa anaolewa ni Asnath, binti wa dada yake Tumpe, dada aliyemlea tangu hajui kufunga viatu. Kiharusi kilikuwa kimempiga Tumpe mwaka uliotangulia. Madaktari walimrudishia mguu kwa kumvika fremu ya chuma laini iliyomsaidia kunyanyua hatua, lakini uso uligoma: upande wa kushoto ulining'inia, na mdomo ukafuata. Hakulalamika. Alijifunza kutembea, kisha, kwa ubishi wake, akajifunza kucheza. Alimwomba mdogo wake jambo moja tu: ampige video akicheza siku atakapomtoa binti yake, maana mguu ule haukuwa na ahadi na mtu, na alitaka wajukuu watakaokuja wamwone.

Ambokile alimpiga. Alizunguka ukumbi mzima akitoka jasho, na kila mtu aliona bidii yake.

Jumamosi iliyofuata ikawa ya kuvunja kamati. Kamati ya harusi huzikwa kwa pilau, kuku na video, na Mwalimu Kapange, mwenyekiti, alikuwa amekodi ukuta wa nuru unaojaza nusu ya ukumbi. Ambokile hakuwa ameitazama kazi yake. Mashine iliunganisha vipande yenyewe, na isitoshe, alitaka kuiona mara ya kwanza pamoja na makofi.

Makofi yalikuja. Pete zilimeta, keki ikaonekana hadi chembe za sukari. Mjumbe mmoja alisema hata jasho la mshenga limetoka vizuri kuliko mshenga mwenyewe, watu wakacheka. Kisha muziki ukabadilika, na Tumpe akaingia akicheza, amemshika binti mkono.

Uso wake ulikuwa ukungu.

Watu walidhani ukuta ndio mbovu. Lakini maua nyuma yake yalikuwa makali, jani kwa jani. Akageuka, akaja mbele. Lenzi ikakimbilia viatu vya msimamizi. Akainua mikono, akacheka, na fremu ya mguuni ikafuata mdundo bila kosa. Lenzi ikateleza hadi kwenye tai ya mshereheshaji. Wimbo mzima ulikwenda hivyo, uso ukikaribia kusimama na picha ikigeukia kando, kama mtu aliyekutana njiani na yule asiyetaka kumsalimia.

"Mjomba," Asnath aliuliza kwa sauti ndogo, "mama yuko wapi?"

Ambokile alikumbuka mwaka mzima wa kumtembelea dada yake huku akizungumza na runinga, akimenya machungwa ambayo hakuna aliyeyaomba. Alijiambia ni huruma. Huruma gani isiyotazama? Alikuwa anauonea haya uso ule, na sasa haya yake ilikuwa inaonyeshwa ukutani, kubwa kuliko nyumba, mbele ya watu waliokuwa wanakula.

Tumpe ndiye aliyejibu. Maneno yake yalitoka polepole, moja baada ya jingine.

"Lenzi mbovu hiyo. Wamemuuzia takataka mdogo wangu."

Ukumbi ukashusha pumzi. Mwalimu Kapange akadaka hapohapo: Jumatatu kamati nzima itakwenda kwa huyo Lugano, na mji mzima utaambiwa. Mwingine akasema hakuna kilichoharibika, akili mnemba itamchora mama upya, tena mdomo ukiwa umenyooka.

"Huyo atakuwa nani?" Tumpe aliuliza, na aliyetoa wazo akarudi kwenye kuku wake.

Ambokile aliona mlango ulivyofunguliwa. Alichotakiwa ni kunyamaza tu, dada yake alikuwa ameshambeba, kama zamani. Akasimama.

"Lenzi ni nzima," alisema. "Inafuata jicho la anayepiga. Jicho lilikuwa langu."

Wengine walielewa mara moja. Mwalimu Kapange ilibidi anong'onezwe. Hakuna aliyemtukana, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mtu alizima ukuta.

Tumpe aliinuka. Fremu ya mguu ikavuma kidogo akipita kati ya meza, akavuta kiti, akaketi mbele ya mdogo wake, magoti yakigusana.

"Mimi nilijua tangu hospitali," alisema. "Nilitaka wasijue wao."

"Nisamehe, dada."

"Hilo baadaye. Niangalie."

Akainua macho. Yakatua kwenye dhahabu, yakang'ang'ania hapo.

"Hiyo ni hereni," Tumpe alisema. "Mimi niko huku."

Watu wakacheka, naye akacheka kwa ule upande wa mdomo uliokubali. Ambokile hakuweza. Alifumba macho, akayafumbua, akaanza tena, safari hii kutoka kidevuni.