Jiwe Kwenye Ngumi ya Jenerali

"Leo, waungwana, Maniema nzima itatetemeka!" alitangaza Edouard. Kiti kikavunjika. Akaendelea kutangaza akiwa sakafuni.

Saa tano asubuhi. Chumba cha nyuma ya baa, mtaa wa Kasuku. Wakati wa vita Edouard alijiita jenerali. Ushindi wake mkubwa ulikuwa kuteka mbuzi mmoja kule Kailo. Gauthier aliendesha pikipiki, na akili yake yote iliishia hapo. Axel, aliyefukuzwa shule ya bweni, ndiye aliyejua mawe.

"Mama Kyakimwa wa duka la almasi iko na mifuko miwili," alisema Edouard. "Moja almasi. Ingine mawe meupe ya mtoni, ya kudanganya wezi. Axel, utachagua. Ukikosea, unalala ndani ya mto Lualaba."



Saa saba mchana. Mlinzi amekwenda kula. Wakaingia dukani. Mama Kyakimwa aliitazama bunduki ya Edouard kama anayetazama samaki aliyeoza.

"Chukueni mutoke. Niko na wateja."

Edouard alichota jiwe kutoka mfuko wa kwanza, akakwaruza chupa. Alama ikabaki.

"Almasi!"

"Chef, hata jiwe la mtoni linakwaruza chupa. Tupulizie pumzi. Kwenye almasi ukungu unatoweka palepale. Kwenye jiwe la bure unakawia."

"Unanifundisha mimi?"

Jenerali alikuwa amelikamua jiwe ngumini hadi likapata moto kama yai la kuchemsha. Akapuliza. Juu ya jiwe la moto, ukungu haukushika.

"Umeona, mujinga?"

Axel aliona. Akampa Edouard mgongo, akapulizia jiwe la mfuko wa pili, baridi kabisa. Ukungu ukatoweka kabla hajafumba mdomo.

"Hili la bure, chef."

Edouard akautupa mfuko ule chini, akatoka na wa kwanza. Axel akabaki nyuma kidogo, ameinama, anafunga kamba za viatu.

Saa nane. Kivukoni. Upepo wa njiani ulikuwa umeyapoza mawe. Edouard akapuliza. Ukungu ukakaa. Akapuliza lingine. Ukakaa.

"Axel. Kule dukani ulibaki kufanya nini?"

"Kufunga kamba za viatu, chef."

Gauthier akatazama chini. Kwa mara ya kwanza maishani, akafikiri.

"Chef, huyu amevaa kandambili."

Mkono wa Edouard ukaingia kwenye gunia la bunduki. Hatua chache mbele, polisi wawili walikuwa wanatafuna karanga. Axel akakimbilia kwao. Basi, niache uongo: nilikimbia mimi. Axel njo mimi.

"Komanda, mimi njo mwizi! Almasi iko ndani ya suruali! Nifungeni, tafadhali, haraka!"