Oili ya Difu

Jumamosi nyumbani kwa akina Zuraw ilianzia kwenye banda la gari, si jikoni. Wendell Zuraw alitangulia na kikombe chake cha kahawa, binti yake Corinne akafuata na mkate wa jamu mkononi, na mama mtu, Nadine, akabaki mlangoni akiuliza kama kuna anayekumbuka kwamba nyumba hii ina meza. Bandani lilikuwamo gari la bluu la mwaka 1969, milango miwili, pua ndefu, na injini iliyowatoa mbio paka wa mtaa mzima. Mji wa Owosso, katika jimbo la Michigan, umejaa watu wanaounda magari kiwandani siku tano na kufungua ya kwao siku ya sita. Wendell alikuwa mmoja wao, na hakujua starehe nyingine.

Corinne alianza na kazi ya kushika tochi. Baba yake hakuwa mwalimu wa maneno laini. "Mulika nione mimi, mama, wewe hujaomba kazi ya kuangalia," alikuwa akisema, huku amelala chali chini ya gari, miguu tu ikionekana. Baadaye alimpandisha cheo akawa mtu wa kumpa spana, na mwisho akamruhusu kutambaa naye chini ya gari. Hapo ndipo alipomfundisha kwamba kwenye difu, zile gia za nyuma ya gari, mtu hamwagi oili kabla ya kufungua kwanza kizibo cha kujazia. Ukimwaga ya zamani halafu kizibo kikagoma, utakuwa na gari kavu na huna pa kuingizia mpya. Corinne alicheka, maana jambo lenyewe lilionekana rahisi mno kwa mtu kulisahau.

Kisha mapafu ya Wendell yakaugua. Gari likafunikwa turubai, na yeye akahamia kwenye kiti cha dirishani, ambako alikohoa miaka miwili. Koti lake la kazini lilibaki limetundikwa bandani likinuka oili ya gia, harufu nzito kama mayai yaliyooza, ambayo Nadine aliipiga marufuku ndani ya nyumba siku zote za ndoa yao. Wiki za mwisho alikwenda mwenyewe kulichukua koti lile akamfunika nalo mumewe miguuni. Jumanne moja ya Oktoba, majani ya mtaa yakiwa mekundu, Wendell alifariki. Corinne alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Wenye magari ya aina ile wana desturi yao ya mazishi. Gari la marehemu huendeshwa na ndugu yake, likifuata moja kwa moja nyuma ya gari la maiti, na mengine yote hujipanga nyuma yake. Makaburini, sala zikiisha, kila mwenye gari huwasha injini, wote wanazingurumisha kwa pamoja mpaka kifua kinatetemeka, halafu wanazima kwa mara moja. Hiyo ndiyo kwaheri yao. Wendell alikwisha kuwasindikiza wengi hivyo. Kabla hajafa hakuomba mambo mengi. Aliomba gari lake limfuate, na Corinne akae kiti cha mbele.

Kazi ya kuliandaa gari aliichukua Rudy, mdogo wake Wendell, mtu asiyeweza kupita penye watu bila kumtania mmoja wao. Alikagua breki, akajaza matairi upepo, akabadili betri, na injini ikawaka kwa hasira kana kwamba imeamshwa usingizini. Ikabaki difu, lile tumbo la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, ambamo gia hugawa nguvu za injini kwa magurudumu mawili. Oili iliyokaa humo muda mrefu ilikwisha kuchanganyika na maji. Rudy alilipandisha gari kwa jeki, akalikalisha juu ya stendi nne za chuma, akanunua chupa tatu za oili mpya na gasketi ya mfuniko wa difu, ile karatasi ngumu ya kuzuia oili isivuje.

Mchana wa Ijumaa, siku moja kabla ya mazishi, ikambidi aende mji wa Toledo kumchukua bibi yake Corinne. Alimwambia Corinne asianze bila yeye. Kama mikono inamwasha sana, anaweza kujaribu kulegeza kizibo cha kujazia, basi, asiguse kingine.

Corinne alivaa koti la baba yake, mikono ikamzidi, akatambaa chini ya gari. Kizibo kile kilikuwa na tundu la mraba katikati, la kuingizia kichwa cha spana. Alivuta. Hakikutikisika. Alikinyunyizia mafuta ya kutu, akavuta tena, akaweka bomba kwenye mpini wa spana kuongeza nguvu. Kichwa kikateleza, na pembe moja ya tundu ikakatika. Jikoni majirani walikuwa wanapanga trei za nyama na tambi walizoleta, wakizungumza kwa sauti ile ndogo ya nyumba yenye msiba. Corinne aliwasikia wakisema maskini mtoto, na neno hilo likamchoma. Alitaka amalize hata jambo moja la baba yake kwa mikono yake mwenyewe, kabla watu hawajamaliza yote kwa niaba yake.

Akahamia kwenye bolti za mfuniko. Hizo zilifunguka zote kwa utii. Alipoubandua mfuniko, oili nyeusi ilimwagika beseni zima, na ile harufu ikajaa bandani kana kwamba baba mtu ameingia. Alibaki amelala pale akinusa. Kisha akafuta gia kwa kitambaa mpaka zikang'aa, akaweka gasketi mpya, akafunga mfuniko bolti kwa bolti, vizuri kama alivyofundishwa. Akarudi kwenye kizibo. Safari hii pembe tatu zilizobaki ziliondoka kwa pamoja, tundu likawa duara, na spana ikawa inazunguka bure kama kijiko ndani ya chai.

Rudy alirudi na bibi jioni, akachungulia bandani akauliza kama kizibo kimelegea. Corinne alijibu kwamba ameshamaliza kazi yote, na oili imejaa. Rudy akamtazama alivyochafuka.

"Ulifungua pa kujazia kwanza?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Angalia mtoto huyu. Nikawa nafikiria nitatambaa chini na kiuno changu hiki." Akamgonga begani. "Kweli umemrithi marehemu, isipokuwa wewe umebahatika, pua si yake."

Akaliteremsha gari bila kukagua. Angekagua nini? Aliyesema ni mtoto wa Wendell. Chupa tatu za oili, zikiwa bado na lakiri zake, zilikuwa nyuma ya matairi ya theluji, zimefunikwa gunia.

Asubuhi ya mazishi Rudy alitoa gari hadi mlangoni, akiwa na suti nyeusi iliyombana. Makaburi yalikuwa nje ya mji, mwendo wa barabara kuu. Bibi alisaidiwa kuingia nyuma, na Nadine akazunguka upande wa pili. Corinne alisimama ameshika mlango ulio wazi. Alijua kinachotokea difu ikienda kavu. Gia husagana zikaungua, na zikikwama magurudumu ya nyuma hufunga ghafla, gari likiwa kasi. Usiku kucha alijidanganya kwamba mabaki yaliyoshika kwenye gia yangetosha safari moja. Sasa alimwona bibi akijifunga mkanda kwa vidole vyake vya kizee, na uongo ule ukakosa pa kukaa.

"Shukeni," alisema. "Difu haina oili. Nilimwaga ya zamani, kizibo kikanishinda. Sikujaza kitu."

Rudy alizima injini. Kwa mara ya kwanza tangu Corinne amjue, hakuwa na mzaha wowote. Aliuliza chupa ziko wapi, akaonyeshwa. Akatandika kipande cha boksi, akaingia chini na suti yake, akakigusa kizibo kwa kidole. Alipotoka alikuwa na vumbi hadi kwenye tai. Alisema kile hakitoki bila moto na nusu siku ya subira, na gari la maiti linaondoka kanisani baada ya saa moja.

Nadine hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Bibi yako alikuwa amekaa nyuma, Corinne. Mimi nilikuwa nakaa karibu naye. Ungenyamaza mpaka wapi?"

"Nilitaka nimalize mwenyewe. Kwa baba."

"Afadhali baba yako angekuja kanisani kwa miguu kuliko kusikia umetupakia humu na unajua." Kisha akamvuta kwake, akafuta weusi uliobaki kwenye kucha zake kwa leso iliyokuwa ya machozi, wakasimama hivyo wote wawili.

Rudy alikwenda kwenye simu. Rafiki yao Leland alikuwa na lori la kubebea magari yaliyokufa. Ieleweke kwamba kwa watu wale hakuna aibu kubwa kama gari lako kuonekana juu ya lori. Mtu anaweza kutaniwa miaka kumi, na Wendell mwenyewe aliwahi kumtania mwenzake mpaka akahama kanisa. Leland alikuja bila kuuliza kitu, wakalivuta gari taratibu mpaka juu, wakalifunga minyororo.

Nje ya kanisa wenye magari walikuwa wamesimama karibu na magari yao, kofia mikononi. Walipoona lori linaingia, wakageuka wote. Mzee mmoja, Orville, akasogea akauliza kilichotokea. Rudy alifungua mdomo na kuanza kusema betri. Corinne akamkatiza.

"Si betri. Ni mimi. Nilimwaga oili ya difu kabla ya kufungua pa kujazia, halafu nikasema nimejaza."

Walikuwapo wanaume thelathini pale wenye uwezo wa kutania jiwe likalia. Hakuna aliyemtania. Orville alimtazama, akalitazama gari, kisha akawaambia wenzake warudi nyuma kidogo, lori lipate nafasi yake mbele. Wendell akaenda makaburini akifuatwa na gari lake kama alivyoomba, ila likiwa limebebwa, na Corinne akakaa kwenye lori karibu na Leland.

Sala zilipokwisha, Rudy alimpandisha Corinne juu ya lori, akamkumbusha aweke gia nyutro, yaani huru, maana injini haihitaji difu kama magurudumu hayazunguki. Corinne aliketi kwenye kiti cha dereva, ambacho bado kilikuwa kimesogezwa nyuma kwa miguu mirefu ya baba yake. Akajinyoosha mpaka kanyagio. Akawasha. Magari yote yakaitikia. Ngurumo ilipanda mpaka majani mekundu yakadondoka matawini, na katikati yake gari la bluu lilinguruma kuliko yote, limefungwa minyororo, magurudumu yametulia tuli. Kisha wote wakazima. Ukimya ulioingia ulikuwa mkubwa kuliko ngurumo, na ndani yake Corinne, ambaye hakuwa amelia tangu Jumanne, akalia.

Wiki iliyofuata Rudy alikuja na mtungi wa gesi. Alichomelea nati juu ya kizibo kile, akakipasha moto, akasubiri kipoe, akapasha tena, mpaka kikatoka. Alikiweka kiganjani mwa Corinne kikiwa bado na joto.

"Hiki kingenishinda na mimi," alisema. "Kimeganda tangu ujana wa baba yako. Mtu kushindwa na chuma si kosa, mama, ndiyo sababu dukani wanauza moto. Hata kumwaga kabla ya wakati, tungecheka tukatafuta njia jioni ile ile. Lakini uliposema umejaza, ulituondolea nafasi ya kukusaidia. Kesho ukikwama popote, sema ukiwa bado umekwama. Usisubiri watu wapande."

Corinne aliitikia. Rudy akaingiza mpira wa pampu kwenye tundu, akapeleka chupa na pampu upande wa pili wa gurudumu, mahali ambapo yeye mwenyewe hakuweza kuliona tundu. Oili ya difu hujazwa mpaka ianze kuchuruzika yenyewe tunduni, na lazima awepo mtu wa kuangalia. Corinne alilala chali chini ya gari, tochi mkononi. Rudy akapampu chupa ya kwanza, na ya pili.

"Imefika?"

"Bado, baba mdogo."

Rudy hakuinama kuhakikisha. Akafungua chupa ya tatu, akaendelea kupampu, akingoja neno lake.